Bila Dhamana ya Aina Yoyote

Kaka yangu Ilgvars ana kazi mbili.
Ya mchana ni boila za hospitali ya Valmiera,
humlipa kila tarehe kumi.
Ya usiku ni programu inayobeba barua za watu asiowajua,
nayo humlipa kwa maswali.

Mimi niko jikoni, nachemsha mbaazi za kijivu.
Yeye yuko mezani, kompyuta kando ya mkate,
na kila baada ya dakika chache meza inatetemeka kidogo:
mtu fulani, mahali fulani, amekasirika.

Leo ni Wouter wa Ghent.
Kampuni yake ina wafanyakazi mia tatu na kumi,
barua zao zimekwama kwenye foleni tangu saa nane mchana,
na Wouter ameandika neno haikubaliki
mara nne, moja kwa herufi kubwa.
Anataka kujua nani anawajibika.
Anataka jibu kabla ya saa tatu.
Anasema programu hii aliiamini.

Uliiamini, Wouter, naam.
Uliikinga kama maji ya mvua,
hukuuliza paa ni la nani.

Ilgvars hajibu hasira. Huo ndio ugonjwa wake.
Anaandika: Toleo gani? Kumbukumbu za seva zinasemaje?
Nitumie usanidi wako, tafadhali, ila futa nywila kwanza.
Wouter anatuma usanidi.
Nywila zimo zote.

Mbaazi zimeiva, zimepoa, nimezipasha.
Theluji imelifunika gari letu hadi vioo.
Namwambia: mwambie akalale. Mwambie asome leseni,
ile uliyonisomea siku ya kwanza, nikacheka,
bila dhamana ya aina yoyote.
Ananijibu bila kugeuka: barua za watu zimo mle.
Huenda kuna mtu anasubiri majibu ya daktari.
Nasema: huenda kuna mtu anasubiri punguzo la viatu.
Ananyamaza. Anajua nimesema kweli,
na vidole haviachi.

Saa sita na robo anapata.
Diski imejaa.
Si hitilafu, si shambulio, si uzembe wa mtu wa Valmiera.
Diski ya Ghent imejaa pomoni,
jambo lililomo kwenye mwongozo, sura ya pili,
aya ambayo kaka aliiandika kwa mkono mmoja
wiki ile aliyovunjika kiwiko.

Wouter anafuta anachofuta. Foleni inafunguka.
Kisha kimya.
Hata asante ya herufi ndogo, hakuna.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Wouter ana miaka sita humu ndani.

Asubuhi, kahawa haijachuja,
kuna barua kutoka Punta Arenas,
kwa Eduvigis Oyarzún, mtunza seva wa maktaba tatu.
Hakuanza na salamu. Ameleta kiraka,
mistari saba tu, mmoja umeshonwa upande:
onyo litoke diski ikifika asilimia tisini,
"maana na mimi lilinikuta, nikaona haya kuuliza."

Ilgvars anakisoma wima, koti mwilini, boila zinamngoja.
Angeweza kuunyoosha ule mstari mwenyewe, sekunde kumi.
Badala yake anamwandikia Eduvigis ni wa ngapi, na kwa nini,
na kwamba atasubiri.
Sijamwona akitabasamu hivyo tangu vuli.

Tunatoka nje kulifukua gari.
Koleo la theluji ni moja, ninalo mimi.
Nimefika kwenye gurudumu la pili simu yake inatetemeka.
Ni Wouter. Anauliza, kwa adabu safari hii,
kalenda mtaiongeza lini,
kwa sababu wenzake wamekuwa wakiitarajia.

Kaka anavua glavu ili ajibu.
Nampa koleo.